WALINIAMBIA MATITI NI SALAMA, HABARI ZA MOYO WAKAZIMEZA

"Madam, gia ya pili iko wapi?"

Nilitaka kumjibu. Mdomo ukakataa!

Jamani, nilikuwa nakufa. Nakufa kwenye kiti cha pembeni, ndani ya gari lenye kibao cha L juu, katikati ya barabara ya malori. Na dereva wangu alikuwa mama mtu mzima ambaye tangu tutoke alikuwa anaitafuta gia ya pili kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

"Madam? Mbona kimya?"

Taya lilikuwa linavuta. Bega la kushoto zito. Jasho la baridi likanitiririka mgongoni mpaka kiunoni.

Wala sikujishika kifua kama wanavyofanya kwenye filamu. Nilihisi tu kama mtu mnene amenikalia kifuani na hana mpango wa kuondoka.

"Simamisha..."

"Nisimamishe wapi? Kuna lori nyuma yetu!"

"SIMAMISHA!"

Gari la mafunzo lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Nikaikanyaga ya kwangu kwa nguvu zote zilizobaki. Gari likaruka, likazima. Lori la nyuma likapiga honi na dereva wake akatoa kichwa dirishani kututukana.

Yule mama akashuka. Akasimama mbele ya lori, mikono juu, mtandio umeanguka chini.

"Tukana baadaye! Mwalimu wangu anakufa!"

Dereva wa lori akashuka bado ana tusi mdomoni. Aliponiona, tusi likakauka. Akanibeba kama gunia, akanipandisha kwenye lori lake, tukaondoka.

Sasa kabla hamjaanza kuniandikia pole kule chini, subirini kwanza. Hiyo siyo sehemu iliyoniuma.

Iliyoniuma ni hii: kuna mtu aliyejua!

Mtu wa karibu yangu, tunayekula naye sahani moja, aliambiwa mwaka mmoja kabla kwamba moyo wangu uko hatarini. Aliambiwa na daktari mwenyewe, kwa simu, kwa maneno mepesi.

Akanyamaza.

Haya. Kaeni vizuri niwape tangu mwanzo.

Mimi nafundisha udereva. Mtaani wananiita Madam Klachi, kwa sababu mwanafunzi akiachia klachi haraka napiga kelele hadi wauza mitumba wanageuka. Sijali. Waliopita mikononi mwangu wanaendesha mabasi leo.

Na nina sheria moja: simu haiingii kwenye gari langu la mafunzo. Nilishamuona mwalimu mwenzangu anachati huku mwanafunzi anaingia na gari ndani ya saluni ya watu. Kwa hiyo simu yangu hubaki nyumbani, juu ya meza ya mume wangu.

Mume wangu ni fundi wa friji. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Simu ikilia anapokea, jioni ananipa habari zote. Mtaa mzima unajua ukitaka kumpata Madam Klachi, unampata Fundi kwanza.

Halafu kuna Dada Mkubwa.

Mama yetu alifariki mimi nikiwa bado naenda shule. Alikuwa anaanika nguo. Akaanguka na shuka mkononi, basi. Watu wakasema kifo cha ghafla, kazi ya Mungu, na hakuna aliyeuliza zaidi. Dada Mkubwa ndiye aliyenilea kuanzia hapo. Alinivalisha, alinisomesha, alinioza.

Na kwenye ukoo wetu kuna utaratibu ambao hakuna aliyeuandika lakini wote tunaufuata. Habari mbaya inapita kwa Dada Mkubwa kwanza. Yeye ndiye chujio. Yeye anaamua nani aambiwe, lini, na kiasi gani.

Mjomba alipofariki, mimi niliambiwa anaumwa. Kesho yake anaumwa sana. Keshokutwa Dada akanipigia: "Mdogo wangu, umekula?"

Nikaanza kulia hapohapo. Maana sisi tunajua, Dada Mkubwa akikuuliza umekula, kuna mtu kafa. Hawezi kumpa mtu habari mbaya akiwa na njaa.

Tulikuwa tunamcheka kwa hilo. Tulimcheka sana.

Sasa turudi mwaka ule. Jirani yetu mmoja aliugua saratani ya titi, akaondoka duniani, wanawake wa mtaa wote tukashikwa na hofu. Dada Mkubwa alikuwa ameshapima siku nyingi nyuma. Akanisukuma.

"Nenda kapige picha ya matiti, mdogo wangu. Inabana kidogo, lakini haiui."

Kidogo?! Ile mashine inakubana titi kama chapati kwenye kikaango. Lakini nilienda. Waliniambia majibu watapiga simu.

Siku ya majibu nilirudi jioni, miguu imechoka, sauti imekauka kwa kupiga kelele za klachi. Fundi akanipokea mlangoni anacheka.

"Wamepiga! Matiti safi! Hakuna saratani!"

Nilicheza kwenye korido! Nilicheza na begi begani. Dada Mkubwa alikuwepo, amekuja kututembelea. Akanipakulia chakula kwa mkono wake, nikala, nikalala usingizi wa mtoto.

Mwaka ukapita.

Kisha nikaanza kuchoka ovyo. Kupanda ngazi za ofisi ya leseni ikawa kama kupanda mlima. Taya likawa linauma, nikadhani jino. Bega likauma, nikadhani ni kushika usukani wa wanafunzi. Nikaenda kwa daktari wetu wa mtaa.

Hata hakuniinulia macho vizuri.

"Una miaka mingapi? Ah, basi. Mama, hiyo ni umri, na gesi kidogo. Punguza mawazo."

Akaniandikia dawa za gesi!

Nikazimeza. Nikaendelea kufundisha. Mpaka siku ya lori.

Hospitali walinipitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye moyo. Wakazibua mshipa uliokuwa umeziba, wakaacha ndani kichuma kidogo cha kuushikilia usijifunge tena. Nilipozinduka vizuri, daktari wa moyo alikuwa amesimama pembeni ya kitanda, kijana mwenye macho ya usingizi.

"Mama, umewahi kupiga picha ya matiti?"

Nikamshangaa. Moyo na matiti wapi na wapi?

"Mwaka jana. Ilikuwa safi."

"Ndiyo, tumeiomba, tumeiona. Saratani haikuwepo. Lakini mishipa ya damu ndani ya titi ilikuwa na chokaa. Ni mistari myeupe, inaonekana kabisa. Kwa mwanamke, hiyo ni dalili ya kuangalia na mishipa ya moyo. Wenzetu wa picha waliandika ufanyiwe vipimo vya moyo. Na walipiga simu kukuambia."

"Walimpigia nani?"

"Namba yako. Waliongea na mtu."

Jamani.

Namba yangu iko juu ya meza ya nani mchana kutwa?

Fundi aliingia wodini muda uleule, amebeba chupa ya uji, macho mekundu kwa kukesha.

"Mke wangu, leo una rangi nzuri..."

"Toka!"

"Ati?"

"TOKA! Ulijua! Uliambiwa moyo wangu mbovu, ukanichezea hapo mlangoni matiti safi, matiti safi! Ulitaka nife uoe?!"

Wodi nzima ikageuka. Mgonjwa wa kitanda cha pili akajifanya amelala.

Fundi alinitazama. Akafungua mdomo. Nikaona kabisa kuna neno linakuja... halafu likarudi.

"Nani kakuambia simu niliipokea..." Akakatisha. Akaweka chupa ya uji mezani. "Basi. Sawa. Nitukane mimi."

Akatoka.

Hakujitetea! Nikasema moyoni, mwenye hatia hana mdomo.

Dada Mkubwa alikuja jioni. Nikamlilia begani. Nikamwambia yote, jinsi mume wangu alivyoniuza. Alinipapasa mgongo muda mrefu.

"Usimlaani mumeo, mdogo wangu. Wanaume wana woga."

Kumbukeni hayo maneno. Nitawarudishia.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, Fundi alihamia karakana. Alilala kwenye godoro katikati ya friji mbovu. Asubuhi napata chai imetengwa, dawa zangu zimepangwa, yeye hayupo. Mimi simsemeshi. Nikimhitaji nagonga ukuta.

Nilikuwa na hasira, nyie! Hasira ya kunyanyua gari. Daktari ameniambia nisikasirike, na kila nikikumbuka kwamba nisikasirike nakasirika zaidi.

Nilipopata nguvu kidogo, nikampigia yule mwanafunzi wangu, mama wa gia ya pili. Sisi tunamwita Mama Taratibu. Mume wake alifariki akamwachia gari, naye akaapa halitaozea uani. Wakati mimi nimelala hospitali, alimaliza mafunzo kwa mwalimu mwingine na kupata leseni yake.

"Nipeleke kule nilikopiga picha ya matiti," nikamwambia. "Nina watu wa kuwakata vichwa."

Tulienda. Mwendo wa kobe, lakini tulifika.

Daktari wa picha alikuwa mama mtu mzima, mvi zimemjaa, miwani ya kamba shingoni. Sikumpa hata salamu.

"Nyie watu mnaona mtu ana hatari ya moyo, mnaishia kupiga simu?! Simu tu? Mkamwambia mume wangu, mkafunga ofisi, mkaenda kunywa chai?!"

Aliniacha nimalize. Akanivutia kiti. Akaifungua picha yangu kwenye kompyuta.

"Hii hapa. Unaiona hii mistari miwili inayokwenda sambamba, kama reli? Huo ni mshipa wa damu, na huo weupe ni chokaa iliyojijenga ukutani kwake. Siyo hukumu, mama. Wapo wanaoishi nayo bila mshtuko wowote. Na asiyekuwa nayo pia asijione kapona. Lakini mimi nikiiona nasema: huyu apimwe presha, sukari, mafuta kwenye damu, aonane na daktari wa moyo. Ndivyo nilivyoandika, nikapeleka kwa daktari wako wa mtaa."

"Yule wa gesi?!"

"Simjui kwa gesi. Lakini wengi wanasoma mstari wa saratani, hawafiki wa pili." Akashusha pumzi. "Na sisi tuna kosa. Tulipaswa kukuita uje, tukuambie ukiwa umekaa hapa. Tulipiga simu, tukajihesabu tumemaliza."

"Na mume wangu akawajibu nini?"

Akanitazama juu ya miwani.

"Mume gani? Niliongea na mwanamke."

Nikasogeza kiti karibu.

"Nilimuuliza, ni wewe mwenyewe? Akajibu, ndiye mimi. Nikamweleza yote. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Nakumbuka kwa sababu mwishoni aliniuliza kitu ambacho mgonjwa hajawahi kuniuliza."

"Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza, 'Daktari, wewe umekula?'"

Jamani...

Mama Taratibu alinishika mkono maana niliyumba na kiti.

Jioni ile ikanirudia yote. Chakula kwenye sahani. Dada Mkubwa amesimama na mwiko mkononi. "Umekula leo, mdogo wangu?" Na mimi nikashtuka: "Kuna nini?" Naye akacheka: "Hakuna kitu! Kuuliza tu nako dhambi?"

Nilikula, wenzangu. Nilikula na nikaongeza.

Nilirudi nyumbani nikaingia moja kwa moja karakana. Fundi alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji, bisibisi mdomoni.

"Ulijua ni Dada?"

Akatoa bisibisi taratibu.

"Siku ile nilitoka kununua gesi ya friji. Niliporudi nikamkuta shemeji na simu yako mkononi, macho mekundu. Akaniambia majibu safi, hakuna saratani. Nikafurahi, nikakuambia. Nilikuja kuelewa uliponitukana pale wodini."

"Na ukanyamaza?! Ukakubali nikuite muuaji mbele ya watu?"

"Mume unaweza kupata mwingine," akasema. "Dada huna mwingine. Na daktari alisema usipate mshtuko."

Nikamrushia kopo la misumari!

Siyo kwa chuki. Kwa sababu hata yeye! Hata yeye aligeuka chujio! Nyumba nzima imejaa watu wanaonipenda na hakuna anayeniambia kitu!

Halafu nikakaa chini kati ya misumari, nikalia. Akaja akakaa pembeni yangu, akaanza kuokota mmoja mmoja.

Kesho yake Mama Taratibu akanipeleka dukani kwa Dada.

Dada Mkubwa anauza vitambaa. Nilimkuta anampimia mteja, kitambaa kimenyooshwa kwenye meza, mkasi mkononi. Aliponiona uso, alijua. Lakini hakuacha kukata.

"Karibu, mdogo wangu. Ume..."

"Usiniulize kama nimekula!"

Mteja akarudi nyuma hatua.

"Punguza sauti. Kuna wateja."

"Wateja wasikie! Ulipokea simu yangu ukasema ndiye mimi! Wewe ni mimi? Moyo wangu unao wewe?!"

"Ningekuambia. Nilikuwa nasubiri wakati mzuri."

"Wakati mzuri upi, Dada? Wakati wa kunichagulia sanda humu humu dukani kwako?"

Mteja akaacha kitambaa chake, akaondoka. Mkasi bado unakata. Unakata hata pasipopimwa.

"Ulikuwa unacheza," akasema polepole. "Umeingia unacheza na begi begani. Mimi nimekulea toka una meno ya utoto. Ningekukatizaje?"

"Kwa kufungua mdomo!"

"Na wewe unaikuza! Chokaa, chokaa! Mbona mimi ninayo na sijafa?"

Mkasi ukasimama.

Nikasikia feni ya dukani inavyolia.

"Una nini?"

Akavuta kitambaa karibu yake.

"Dada. Una nini?"

Aliweka mkasi mezani. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamuona Dada Mkubwa ni mzee.

"Picha yangu ilisema hivyohivyo," akasema. "Kabla ya yako. Nikaenda kwa daktari wetu wa mtaa. Akaniambia ni umri, punguza mawazo. Nikasema basi, wanatutisha tu hawa. Nikaweka hilo jambo pembeni."

"Kwa hiyo hukuamini?"

"Niliamini!" Sasa na yeye alikuwa anapiga kelele. "Niliamini toka siku ile! Mama alikufa na shuka mkononi, mimi ndiye niliyelitoa vidoleni mwake! Wewe walikupeleka kwa jirani. Mimi nilibaki. Nikasema, kama ni ile ya Mama, bora nisiijue. Halafu simu ikalia, wakasema na wewe unayo. Ningekubebeaje habari ambayo yangu mwenyewe imenishinda?"

Kumbe ule woga aliousema ni wa wanaume ulikuwa wake! Nyie, nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Vyote viwili, kwa mkono uleule.

"Unachoka?" nikamuuliza.

"Kila mtu anachoka."

"Taya?"

Akageuka kando.

"DADA! Taya linauma?"

"Kidogo. Nikibeba majora."

Nilivuta shata la duka mwenyewe, nikafunga kufuli, nikamshika mkono. Mimi mgonjwa ninayekatazwa hata kubeba ndoo!

"Naenda wapi? Nina wateja!"

"Unaingia kwenye gari."

Mama Taratibu alikuwa anatusubiri nje, mikono yote miwili kwenye usukani. Akatutazama kwenye kioo, mmoja analia, mwingine amenuna. Hakuuliza. Akawasha, akaingiza gia ya kwanza, halafu ya pili ikaingia yenyewe kama siagi.

Njia nzima Dada alikuwa ananihubiria.

"Nikifika nitasemaje? Siumwi!"

"Utasema ulichoniambia mimi."

"Aibu."

"Aibu utaionea kaburini?"

Mama Taratibu akakohoa. "Mabibi, samahani. Hapa naruhusiwa kulipita lile lori?"

"Lipite!" tukajibu wote wawili.

Yule daktari kijana mwenye macho ya usingizi alimpokea. Wakambandika nyaya kifuani, wakamtoa damu, wakamwingiza vyumba ambavyo mimi sikuruhusiwa. Nikakaa kwenye benchi, nimeshika mkoba wake na viatu vyake.

Mlango ukafunguka. Daktari akatoka peke yake. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Wewe ndiye ndugu yake?"

"Ndiye mdogo wake."

Akaangalia nyuma, akashusha sauti.

"Mama, hali siyo nzuri. Mishipa miwili imebana vibaya. Sijamwambia bado. Anaonekana ana hofu sana. Nilifikiri... wewe utajua namna ya kumweleza. Labda kidogokidogo."

Mnaona?!

Mnaona inavyokuja? Kwa upole. Kwa huruma. Kwa sauti ya chini kwenye korido. Ndivyo habari ya moyo wa mtu inavyohamia mikononi mwa mtu mwingine.

Na nitawaambia ukweli, nilishawishika. Nikamwona Dada kupitia upenyo wa mlango, amekaa kitandani miguu inaning'inia, mdogo, anakunjakunja ncha ya shuka. Neno likaja lenyewe mpaka kwenye ulimi. Nilitaka kuingia, nikae pembeni yake, nimuulize: Dada, umekula?

Nikaufunga mdomo.

"Daktari," nikasema, "moyo ni wake. Twende ukamwambie mwenyewe, mimi nitakuwa nimemshika mkono. Yote. Usipunguze hata moja."

Tukaingia. Akamwambia.

Dada alinifinya vidole mpaka vikafa ganzi. Hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo ningeuliza mimi kama ile simu ingenifikia.

"Sasa tunafanya nini?"

Hilo tu! Swali moja! Na lina majibu! Dawa zipo, vipimo vipo, chumvi inapungua, kichuma kinawekwa, mtu anaishi! Kwa nini mwanamke anyimwe nafasi ya kuuliza sasa tunafanya nini?!

Walimlaza siku ileile. Daktari aliniambia baadaye kwamba angeendelea kubeba yale majora, angeletwa kama nilivyoletwa mimi. Au asingeletwa kabisa.

Sasa nisikilizeni, hasa kina mama, dada zangu, shangazi zangu.

Ukienda kupiga picha ya matiti, wakikuambia hakuna saratani, shukuru, lakini usiondoke. Uliza: mishipa yangu je? Mmeona chokaa? Kama mmeona, nani ananipima moyo? Uliza kwa mdomo wako, na majibu yako pokea kwa sikio lako.

Na wewe unayechoka ovyo, unayeumwa taya, bega, mgongo, unayetapika bila sababu na kutokwa jasho la baridi, usikubali kuambiwa ni umri kabla mtu hajakugusa na kipimo. Yule daktari wa gesi nilimrudia. Nilimwekea majibu ya picha yangu na ya dada yangu mezani, nikasimama pale mpaka alipoisoma mistari yote. Sasa nasikia anasoma mpaka mwisho. Mimi bado sijamsamehe.

Na nyie mnaopenda watu wenu mpaka mnawameza na habari zao, nawaambia kama ninavyowaambia wanafunzi wangu. Taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi, hata ukiifunika na plasta gari halijapona, litakuzimikia barabarani na lori liko nyuma.

Fundi alirudi chumbani. Lile kopo la misumari bado analitumia kunichokoza.

Dada Mkubwa yuko hai. Ana vichuma viwili, ananishinda kwa kimoja, na anajivunia kabisa mbele ya wateja. Hasira yangu kwake haijaisha, na nimemwambia haijaisha, na ananiacha nikasirike.

Juzi nilipita dukani kwake. Nikamkuta ameketi kwenye majora, simu mkononi, uso umempauka. Aliponiona akaifunga simu haraka, akasafisha koo.

"Mdogo wangu... umekula?"

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Habari kwanza, Dada. Chakula baadaye."